Kaktusi iliyouawa na chumvi

Mmea ule wa kuzungushia ua, unaotoa maziwa ukikatwa, wengi wetu tunauita kaktusi. Kwa kweli ni wa jamaa ya mhogo. Kaktusi, karibu zote, asili yake ni Amerika. Leo tunaeleza juu ya moja, iitwayo na wataalamu Pilosocereus millspaughii.

Husimama wima kama nguzo, imejaa miiba mirefu. Haina majani ya kawaida, kwa hiyo shina lake la kijani ndilo linalotengeneza chakula. Shina hilo lina mikunjo toka juu hadi chini: mvua ikinyesha linavimba kwa maji, jua likizidi linasinyaa bila kupasuka. Vitundu vyake vya kupumulia hufunguka usiku, wakati wa baridi, ili maji yasipotee. Maua nayo huchanua usiku. Ni meupe, yananukia kama kitunguu saumu na kuwavuta popo, na kando yake manyoya meupe hufunika shina kama pamba. Matunda ni ya rangi nyekundu na zambarau. Ndege na wanyama huyala.

Katika Marekani mmea huu ulijulikana mahali pamoja tu: kisiwa cha Key Largo, Florida, ulikogunduliwa mwaka 1992. Uliota juu ya mwamba wa chokaa karibu na bahari, katikati ya mikoko. Ulikuwa na mashina kama 150. Lakini bahari inaendelea kupanda. Mwaka 2017 kimbunga Irma kilisukuma maji ya chumvi mpaka kisiwani, na mwaka 2019 maji makuu yakarudi tena. Kufikia 2021 yalibaki mashina sita, nayo yanaugua.

Tunashangaa: mmea unaovumilia kiu umeuawa na maji! Sababu ni chumvi, maana ikijaa udongoni, mizizi haiwezi tena kunywa. Ndugu zetu wa Uvira na Kalemie mnajua uchungu wa ziwa kuingia nyumbani. Lakini Tanganyika ni maji baridi. Bahari ikirudi nyuma, inaacha chumvi.

Watafiti hawakungoja shina la mwisho life. Waliyaondoa yaliyobaki, wakayapeleka kutunzwa penye usalama. Mwaka 2024 walitangaza kwamba Key Largo mmea huo umetoweka porini. Bado unaota sehemu chache za Kuba na Bahama.

Mwanzo 2:15 inatukumbusha kwamba kazi ya kwanza ya mwanadamu ilikuwa ya mkulima na mlinzi. Basi tuulizane parokiani kwetu: ni mti gani ambao wazee walitumia kwa dawa au kwa mbao, na leo umebaki mmoja au miwili tu? Tuwaulize wazee hao jina lake. Tuchukue mbegu zake mwaka huu, tuziotesheke nyuma ya kanisa, wakati mti wenyewe bado umesimama.