Ardhi Inapotembea: Funzo la Bomba la Alaska

Watu wengi huichukulia ardhi kuwa kitu kisichosogea. Lakini ardhi hutembea: hutitia, huporomoka, huvimba inapoganda, na wakati wa tetemeko hupasuka na kuachana. Katika makala haya tunataka kueleza jinsi elimu ya jambo hili ilivyoliokoa bomba kubwa la mafuta la Marekani, na maana yake kwa jamii yoyote inayojenga mitambo ya nishati.

Yafaa kwanza tufahamu kazi ya Profesa Nathan Newmark (1910–1981) wa Chuo Kikuu cha Illinois. Ilikuwa desturi kulitazama tetemeko kama nguvu ya kupingwa tu. Katika mhadhara alioutoa London mwaka 1965, Newmark alionyesha kwamba kwa mabwawa na matuta ya udongo, kujua nguvu peke yake hakutoshi. Lazima tuulize pia: mpaka mtikisiko ukome, udongo utakuwa umesogea umbali gani? Tuta laweza kuteleza kidogo, likasimama, na bado likafanya kazi yake.

Fikra hii ilikuja kupata mtihani wake Alaska. Mafuta yaligunduliwa Prudhoe Bay mwaka 1968, na ikabidi yasafirishwe kilomita 1,287 hadi bandari ya Valdez. Mji wa Valdez wenyewe ulikuwa umebomolewa na tetemeko la mwaka 1964, ukahamishwa na kujengwa mahali pengine.

Mpango wa kwanza ulikuwa kulifukia sehemu kubwa ya bomba. Wataalamu wa miamba waliupinga, na sababu yao ilikuwa wazi. Udongo wa huko umeganda daima, na mafuta yanayotoka kisimani ni ya moto. Bomba la moto lingeuyeyusha udongo, udongo ungegeuka tope, na bomba lingekosa pa kulala. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya bomba ilijengwa juu ya nguzo, na nguzo nyingi zikawekewa vifaa vya kutoa joto ardhini.

Tatizo la pili lilikuwa ufa wa Denali, ambao bomba halikuweza kuukwepa. Hapo Newmark alikuwa mmoja wa washauri. Uamuzi ulikuwa kuliachia bomba nafasi ya kusogea badala ya kulifunga kwa nguvu. Lililazwa kwa kupindapinda juu ya mihimili mirefu ya chuma, likiwa na vikalio vinavyoteleza. Sehemu hiyo ilikadiriwa kustahimili ardhi ikisogea kiasi cha mita 6 kwa ubavu.

Bomba lilianza kazi mwaka 1977, baada ya kugharimu dola bilioni 8 hivi. Kwa miaka 25 ufa ulinyamaza, na mtu angeweza kusema kwamba fedha za mihimili ile zilipotea bure. Tarehe 3 Novemba 2002 lilitokea tetemeko la kipimo cha 7.9. Penye bomba ardhi ilisogea zaidi ya mita 4. Baadhi ya nguzo na vikalio viliharibika, lakini bomba halikupasuka wala mafuta hayakumwagika. Baada ya ukaguzi wa siku chache, mafuta yalitiririka tena.

Je, maana yake ni kwamba hatari imekwisha? Hapana. Mwaka 1989 meli iliyopakia mafuta Valdez ilipanda mwamba, ikachafua bahari vibaya na kuwatia hasara wavuvi wa pwani ile. Usalama wa bomba haukuwa usalama wa safari nzima. Tena, udongo ulioganda wa Alaska unazidi kupata joto, na nguzo zilizokadiriwa kwa hali ya hewa ya jana lazima zikaguliwe kwa hali ya leo.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, gharama ya kinga hulipwa kabla, na faida yake haionekani mpaka siku ya msiba; ndiyo maana anayetafuta faida ya haraka hushawishika kuikwepa, na ndiyo maana umma hauna budi kuidai. Pili, kuijua ardhi si kazi ya kumalizwa siku ya ufunguzi. Ardhi haikusaini mkataba wetu. Itaendelea kutembea, nasi tuendelee kuipima.