Fahamu: Ini la Mtoaji Huhifadhiwaje?

Ini likitolewa mwilini hukosa oksijeni, na ingawa barafu hupunguza mahitaji yake ya nishati, baridi hiyohiyo huzuia seli kusukuma chumvi nje, zikanyonya maji na kuvimba. Ndiyo sababu Folkert Belzer na James Southard, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, walitengeneza kimiminika chenye rafinosi, yaani sukari isiyopenya ndani ya seli, ambacho kufikia mwaka 1988 kilihifadhi maini ya mbwa hadi saa 48. Mwaka 2014 watafiti wa Boston walipoza maini ya panya hadi nyuzi 6 chini ya sifuri bila kuyagandisha, nayo yakapandikizwa baada ya siku 3.