Asilimia Zisizojumlishwa: Jinsi Ulemavu wa Wapiganaji wa Zamani Unavyokadiriwa

Katika nchi nyingi ambazo askari aliyejeruhiwa ana haki ya pensheni, ulemavu wake hutajwa kwa asilimia, na asilimia hiyo ndiyo huamua kama atalipwa, atalipwa kiasi gani, na kama familia yake itapata msaada wa ziada. Mwenye jeraha moja hana fumbo kubwa, kwa kuwa jeraha lake lina kiwango chake katika jedwali la madaktari. Fumbo huanza kwa yule ambaye mina ilimkata mguu, mlipuko ukamziba sikio na bega likabaki na kipande cha chuma, kisha akasikia kwamba arobaini, ishirini na kumi hazikufanya sabini. Watu wa namna hii si wachache kaskazini mwa Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji, kuanzia pwani ya Palma na Mocímboa da Praia hadi Macomia na uwanda wa Mueda, na kwa sababu hiyo hesabu hiyo inastahili kuelezwa hatua kwa hatua.

Eneo hilo limepitiwa na vita vitatu katika muda wa umri wa mtu mmoja. Vita vya ukombozi vilianza rasmi tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la FRELIMO dhidi ya kituo cha Wareno huko Chai, wilayani Macomia, vikaendelea hadi Mapatano ya Lusaka ya tarehe 7 Septemba 1974, na katika miaka hiyo majeruhi walivushwa mto Ruvuma na kutibiwa upande wa Tanzania, ambako FRELIMO ilikuwa na hospitali yake mjini Mtwara. Vikafuata vita kati ya serikali na waasi wa Renamo, vilivyomalizwa kwa mkataba uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Vita vya tatu vilianza kwa shambulio la Mocímboa da Praia la tarehe 5 Oktoba 2017. Mina zilizotegwa ziliendelea kujeruhi muda mrefu baada ya bunduki kunyamaza, na Msumbiji haikutangazwa kuwa imesafishwa mina zinazojulikana hadi mwaka 2015.

Kanuni inayotumika kuunganisha majeraha huitwa katika sheria za Ureno kanuni ya uwezo uliobaki, na maana yake ni kwamba jeraha la kwanza hupimwa dhidi ya mwili mzima, yaani dhidi ya mia, lakini kila jeraha linalofuata hupimwa dhidi ya kile kilichobaki baada ya majeraha yaliyokwisha kuhesabiwa. Jedwali la Taifa la Ulemavu la Ureno, ambalo toleo lake la mwaka 2007 limeundwa kwa ajili ya ajali za kazini na magonjwa ya kazi, linaiandika kanuni hiyo waziwazi, na mfumo wa maveterani wa Marekani unafuata mantiki ileile kwa jedwali lake wenyewe.

Kwa mfano wa kufundishia tu, na achukuliwe mtu mwenye viwango vitatu: mguu asilimia 40, masikio asilimia 20 na bega asilimia 10. Mguu unaondoa 40 katika 100, zinabaki 60. Masikio hayaondoi 20 kamili, bali asilimia 20 ya zile 60, ambayo ni 12, na hivyo zinabaki 48. Bega linaondoa asilimia 10 ya 48, ambayo ni 4.8, na mwishowe uwezo uliobaki ni 43.2. Ulemavu wa jumla basi ni asilimia 56.8, wala si 70. Atakayeanza na bega, akafuatisha masikio na kumalizia na mguu, atapata pia 56.8, kwa kuwa mpangilio haubadilishi jibu maadamu desimali hazijakatwa njiani.

Sababu ya kutumia njia hii ni kwamba asilimia ya ulemavu inakusudiwa kueleza sehemu ya uwezo wa mtu iliyopotea, na mtu hawezi kupoteza zaidi ya uwezo wake wote. Kama viwango vingejumlishwa tu, aliyepata majeraha saba ya wastani angevuka mia, jambo lisilo na maana, na angehesabiwa kuwa mlemavu zaidi kuliko aliyepooza mwili mzima. Hata hivyo njia hii ina bei yake kwa mwenye majeraha mengi madogo, kwa sababu kila jeraha jipya huongeza kidogo kuliko thamani yake katika jedwali.

Bei hiyo huonekana zaidi pale sheria inapoweka kizingiti, yaani kiwango cha chini ambacho aliye chini yake hatambuliwi. Sheria ya Ureno ya tarehe 20 Januari 1976 kuhusu walemavu wa majeshi iliweka kizingiti cha asilimia 30. Mwenye viwango vya 20 na 10, ambaye kwa kujumlisha angefika 30, kwa kanuni ya uwezo uliobaki anapata 28 na kubaki nje ya mlango; mwenye 20 na 15 anapata 32 na kuingia. Kwa hiyo jeraha dogo ambalo mtu analidharau, kama vile vidole viwili visivyokunjika, ndilo linaloweza kumvusha.

Mfumo wa Marekani unaongeza taratibu nyingine tatu zinazofaa kulinganishwa. Viwango hupangwa kuanzia kikubwa na matokeo ya kila hatua hufanywa namba kamili, kisha jibu la mwisho hukadiriwa hadi kumi iliyo karibu, na tano hupanda juu. Kwa hiyo 50, 30 na 20, ambazo kwa kujumlisha zingekuwa mia, huwa 65, kisha 72, na malipo hufanywa kwa 70. Viungo viwili vya jozi vinapoumia, kama miguu yote miwili, kiwango chao cha pamoja huongezewa sehemu yake ya kumi, kwa kutambua kwamba mguu mbaya hauwezi kusaidiwa na mwenzake. Tatu, fedha hazipandi sawia na asilimia: mwaka 2024 mwanajeshi wa zamani asiye na wategemezi alilipwa takriban dola 2,241 kwa mwezi kwa asilimia 90, lakini takriban dola 3,737 kwa asilimia 100.

Nchini Msumbiji, Sheria namba 16 ya mwaka 2011 iliweka chini ya paa moja wapiganaji wa ukombozi, wapiganaji wa kile sheria inachokiita ulinzi wa mamlaka ya nchi na demokrasia, walemavu wa kijeshi na wa vikosi vinavyofanana na jeshi, pamoja na familia zao. Ndani yake pensheni ya ulemavu, ambayo ni ya aliyejeruhiwa mwenyewe, hutenganishwa na pensheni ya damu, ambayo ni ya warithi wa aliyepoteza maisha. Kiwango cha ulemavu ni jambo la madaktari wa junta, yaani jopo la afya linalomchunguza mwombaji, lakini kabla ya junta kuna swali ambalo hesabu haiwezi kulijibu: je, mtu huyu alikuwa mpiganaji, na je, jeraha hili lilitokana na utumishi?

Swali hilo limewaacha nje watu wa pande mbalimbali. Maelfu ya Waafrika walipigana Msumbiji katika jeshi la Ureno, lakini sheria ya 1976 ilimzungumzia raia, ilhali sheria ya Juni 1975 ilikuwa imekwisha kuwaondolea uraia wa Ureno wengi wa waliozaliwa katika makoloni. Katika vita vya sasa, wazee waliopigania ukombozi na vijana wa vijiji wamebeba silaha katika kikosi cha wenyeji kinachoitwa Força Local, na mtu aliyeanza kulinda kijiji chake bila kuandikishwa hupata taabu kuthibitisha tarehe na mahali alipojeruhiwa. Tena mashambulio yameteketeza nyumba na ofisi za serikali, na vyeti vikaungua humo.

Kutokana na hayo, anayetaka kudai haki yake hufanya vyema kutaja mbele ya junta majeraha yote kwa pamoja, yakiwemo yale ya masikio, macho na akili ambayo hayaonekani kwa kutazama tu. Aombe pia nakala inayoonyesha kiwango cha kila jeraha, si jumla peke yake, ili hesabu iweze kukaguliwa. Tena apate maandishi ya kamanda au ya kituo cha afya mapema, wakati mashahidi bado wako hai. Zaidi ya hayo, anapaswa kurudi kupimwa upya jeraha linapozidi, kwa sababu kiwango kimoja kikibadilika, jumla yote hukokotolewa upya, na huenda aliyekuwa na 28 akawa amevuka kizingiti.