Kilio Kisichokuwa cha Jicho

Mtoto amezaliwa salama, viungo vyake vyote vimetimia. Siku ya pili huanza kulia kilio chembamba na kikali, kisichonyamazishwa na titi wala kubembelezwa. Mikono hutetemeka, hupiga chafya na miayo mfululizo, hunyonya kwa pupa kisha akatapika. Bibi husema ni jicho. Jirani husema ni nyuni. Hufukizwa ubani, na siku hupita.

Huenda ikawa ni arosto. Neno hili tumezoea kulisikia barazani likitajwa kwa vijana wa unga, wala wengi wetu hatukudhani kwamba hufika hadi kwenye kitanda cha mtoto. Heroini hupenya kondo la nyuma, na ubongo wa mtoto huizoea tumboni. Kitovu kikatwapo, dawa hukatika ghafla, na mishipa ya fahamu iliyotulizwa kwa miezi huamka yote pamoja. Dalili hutokea aghalabu ndani ya siku tatu. Zikizidi, huleta degedege.

Mwaka 1975, Dkt. Loretta Finnegan wa Philadelphia, Marekani, alichapisha jedwali la kuzipima dalili hizi, na hadi leo wauguzi hulitumia. Tiba ya kwanza ni nyepesi kuliko tunavyodhani: chumba chenye utulivu na mwanga hafifu, kuviringishwa vyema kwa leso, kifua cha mama, maziwa kidogo kidogo. Asiyetulia hupewa mofini kwa kiasi kidogo, kikipunguzwa taratibu.

Kosa kubwa hutendeka mapema zaidi. Jamaa wagunduapo kwamba mwana wao mja mzito anatumia, humfungia chumbani aache siku hiyo hiyo. Nia ni njema, lakini arosto ya ghafla yaweza kuharibu mimba au kumzalisha kabla ya wakati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2014 huelekeza apewe methadoni, dawa ambayo Malindi imeitoa tangu 2015. Mwanawe naye aweza kupata arosto. Tofauti ni kwamba wauguzi watakuwa wakiingojea.

Sitara ni jambo jema, ila si mbele ya mkunga. Mtoto wa mama huyu akizaliwa pumzi zikiwa dhaifu, naloksoni, dawa ya kuzuia athari za heroini mwilini, yaweza kumtia degedege. Mkunga hawezi kujihadhari na asichoambiwa. Basi shangazi au mama mkwe amsindikizaye kliniki na aombe faragha, alitaje jambo hilo kabla ya uchungu kuanza.