Tambua mafunjo kabla ya kuyang'oa

SI kila mmea uotao majini ni gugu. Tangu gugumaji kutoka Amerika Kusini lilipovamia Ziwa Victoria, ni rahisi mtu kudhani kuwa kila kilichosongamana ufuoni kinastahili kung'olewa. Hapo ndipo mafunjo huponzwa, ilhali ni mmea asilia wa maziwa na vinamasi vya Afrika. Waluo huyaita togo, na humu nchini husitawi Yala na Naivasha.

Utayatambuaje? Kwanza, shika bua. Bua la mafunjo lina pembe tatu, ni laini na halina mafundo. Ukilikata, utaona kiini cheupe mfano wa sponji. Kiini hicho ndicho Wamisri wa kale walichokipasua vipande vyembamba, wakavipanga na kuvigandamiza kupata karatasi.

Pili, tazama juu. Bua halina majani ubavuni, bali kileleni huchanua shungi la nyuzi za kijani mithili ya mwavuli. Matete, ambayo watu wengi huyachanganya na mafunjo, yana bua la mviringo lenye mafundo na uwazi ndani, na majani yake hupangika tangu chini hadi juu.

Tatu, pima kimo. Ndago, jamaa ya mafunjo inayowasumbua wakulima mashambani, pia ina bua la pembe tatu. Hata hivyo, ndago ni fupi, ilhali mafunjo yanaweza kufikia mita tano.

Siri ya maisha marefu ya mafunjo imo chini. Mashina manene hutambaa katika matope na kufumana, hata yakaweza kuelea kama zulia. Zulia hilo hunasa udongo unaoletwa na mito kabla haujafika ziwani, na huwahifadhi kambare na kamongo. Yupo pia ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye maskani yake ni mafunjo.

Bua likikatwa, shina la chini huchipua jingine. Lakini shina hilo likichimbuliwa, au likiungua wakati wa kiangazi, hapana cha kuchipua. Kwa hivyo, msusi wa mikeka anayekata mabua na kuacha mashina atavuna tena. Anayechimbua hupoteza mkeka, samaki na maji safi kwa mpigo mmoja.