Profaili ya mtumiaji kwenye seva

Profaili ya mtumiaji ni jumla ya mafaili na mipangilio ya mtu mmoja katika kompyuta. Katika ofisi yenye kompyuta nyingi huwekwa kwenye seva ya mafaili ili mtumishi aikute popote anapoingia.

Katika Windows, profaili hiyo hunakiliwa kutoka seva mtumiaji anapoingia, na mabadiliko hurudishwa anapotoka. Umeme ukikatika kabla hajatoka, kazi ya siku hubaki kwenye kompyuta moja tu. Unguja hupata umeme kupitia kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka Tanzania bara. Huduma hiyo ilikatika takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Kwa ofisi ya Mji Mkongwe, basi, kuipa seva peke yake betri ya akiba hakutoshi. Kompyuta za watumishi nazo huhitaji dakika chache za kutoka salama.

Hatari kubwa zaidi ni mpangilio unaofuta nakala ya profaili iliyobaki kwenye kompyuta. Usiwashwe kabla ya kuhakikisha kwamba seva imepokea mafaili yote. Folda ya nyaraka ni afadhali ielekezwe moja kwa moja kwenye seva, nje ya profaili, na nakala rudufu ya seva itunzwe katika jengo jingine.