Safari ya nusu siku Nairobi: Jipange hivi, na usisahau kuangalia upande wa kusini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwenye Barabara ya Mombasa msongamano ushaanza na makondakta wanapiga kelele. Mwendo mfupi kutoka hapo, kifaru mweusi anatafuna majani ya kichaka bila haraka, na nyuma yake maghorofa ya jiji yanaonekana wazi.

Hiyo ni Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, takriban kilomita 7 kutoka katikati ya jiji. Wengi wetu tumepita nje ya uzio wake mara mia, lakini ndani hatujaingia tangu ile ziara ya shule ya msingi. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka Jumamosi moja tulipochanga watu watano tukakodi gari.

Haya hapa unayohitaji kujua kabla ya kwenda, pamoja na jambo moja ambalo wageni wengi huondoka bila kuligundua.

Ni mbuga kweli, au wanyama wamefungiwa?

Ni mbuga kweli. Ilifunguliwa Desemba 1946, ikawa mbuga ya kwanza ya kitaifa nchini Kenya. Ukubwa wake ni kilomita 117 za mraba. Simba wa humu hapelekewi nyama na mtu, akitaka kula lazima awinde.

Pundamilia, twiga, nyati, kongoni, swala pala, pofu, mbuni na ngiri si vigumu kuwaona. Lakini sifa kubwa ya mbuga hii ni vifaru, weusi na weupe. Ni miongoni mwa sehemu rahisi zaidi Kenya kumwona kifaru mweusi akiwa porini.

Simba wapo, ila hawana ahadi na mtu. Chui yupo pia, lakini ni mjanja wa kujificha. Wapenda ndege nao wana kazi, maana zaidi ya aina 400 zimeshaonekana hapa.

Na tembo je? Hakuna makundi ya tembo humu. Wale watoto wa tembo unaowaona kwenye picha za Nairobi ni yatima wanaolelewa na shirika la Sheldrick, ambalo kituo chake kina utaratibu wake wa kuweka nafasi mapema.

Ufike saa ngapi?

Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Fika saa hiyohiyo. Asubuhi kuna baridi na wanyama wanatembea. Kufikia saa nne jua limekaza, na simba ameshalala chini ya kichaka ambacho hutakiona.

Miezi ya kiangazi, Januari na Februari kisha Julai hadi Oktoba, ndiyo mizuri zaidi. Nyasi zinakuwa fupi, na wanyama wanakusanyika karibu na mabwawa. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi hugeuka gundi na gari dogo linakwama vizuri tu.

Usafiri na malipo

Huruhusiwi kuzunguka mbugani kwa miguu. Matatu za Rongai zinazopita Barabara ya Lang'ata zitakushusha karibu na lango kuu, lakini kuingia ndani unahitaji gari. Ndiyo maana kuchanga na marafiki kunasaidia.

Malipo ni kupitia eCitizen, kwa hivyo usitegemee noti mfukoni. Kiingilio kinatofautiana kwa uraia na umri, na viwango hubadilika. Angalia tovuti ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, usiku wa kuamkia safari. Usitegemee picha ya skrini aliyokutumia rafiki mwaka jana. Beba kitambulisho.

Huna gari kabisa? Karibu na lango kuu kuna Nairobi Safari Walk na kituo cha wanyama yatima, ambako unatembea kwa miguu. Kiingilio chake ni tofauti na cha mbuga.

Pita wapi?

Ukiingia kwa lango kuu, anza na mahali pembe za ndovu zilipochomwa. Mwaka 1989 Rais Daniel arap Moi aliwasha moto tani 12 hapa. Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta akachoma tani 105. Majivu yake bado yapo.

Kisha pitia Bwawa la Nagolomon uone ndege na mamba, halafu ushuke hadi Madimbwi ya Viboko kando ya mto. Pale unaweza kushuka kwenye gari ukatembea na askari wa wanyamapori.

Njiani utaona daraja refu la reli ya SGR, lililozinduliwa mwaka 2019, likikatiza juu ya mbuga kwa takriban kilomita 6. Twiga wanapita chini yake.

Mambo ya kuzingatia

• Kaa ndani ya gari, isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa.
• Chupa za plastiki za kutumia mara moja ni marufuku tangu Juni 2020. Beba chupa ya kujaza tena.
• Usilishe nyani. Na ukifungua chakula, funga dirisha kwanza.
• Usipige honi wala kelele. Zima injini, subiri.

Sasa geuka uangalie kusini

Hili ndilo jambo lenyewe. Mbuga imezungushiwa uzio pande tatu. Upande wa kusini, kwenye Mto Mbagathi, hakuna uzio. Ng'ambo ya mto ni kaunti ya Kajiado: Kitengela na tambarare zinazoendelea mbele.

Mvua ikinyesha, pundamilia na nyumbu huvuka kwenda kutafuta nyasi huko. Kiangazi kikifika, hurudi mbugani kwenye maji. Kilomita 117 peke yake haziwatoshi, na wanyama wala nyasi wakipungua, simba naye atakula nini?

Shida ni kwamba ardhi ya ng'ambo ina wenyewe. Ni ya familia, nyingi zikiwa za Wamaasai wafugaji, na wao ndio wanaolipia gharama ambayo sisi wageni wa asubuhi hatuioni. Juni 2012 wakazi wa Kitengela waliwaua simba 6 waliokuwa wameshambulia mifugo. Machi 2016 simba dume aliyeitwa Mohawk alifika hadi Isinya, akamjeruhi mtu, kisha akapigwa risasi na askari wa wanyamapori.

Majaribio ya kupatana yamekuwepo. Richard Turere, kijana wa kutoka ukingoni mwa mbuga, alibuni akiwa bado mtoto taa za kumetameta zinazomfukuza simba zizini usiku. Na kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kila mwaka ili waiache wazi.

Piga hesabu mwenyewe. Ekari 50 ni dola 200 kwa mwaka. Anayetaka kukata ploti na kuuza anakuja na pesa nyingi zaidi, tena kwa mkupuo. Ungekuwa wewe ndiye mwenye shamba, ungeamuaje?

Mimi swali hilo lilinigusa vibaya. Chama chetu kimekuwa kikiweka akiba kununua ploti ya hamsini kwa mia, na tuliyokuwa tumeikodolea macho iko Kitengela. Tulipokuwa tumesimama kando ya mto, mwenzetu mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama ile ploti iko upande ule. Iko upande ule.

Saa tano tulikuwa tumetoka langoni, na saa sita tuko mjini tunakula. Kwenye mkutano wa chama uliofuata tuliongeza jambo moja kwenye ajenda: kabla ya kulipa, tuulize ardhi hiyo iko kwenye njia ya wanyama au la. Nawe ukiwa na mpango kama wetu, uliza.